Kwenda Pemba kwa mapumziko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wageni kutoka Bara na nchi jirani

Majibu haya yanawahusu wasafiri wanaotoka mikoa ya Tanzania Bara, pamoja na majirani zetu wa Kenya, Uganda na kwengineko, wanaofikiria kuja Pemba badala ya kuishia Unguja kama wafanyavyo wengi. Ratiba ya Pemba huanzia kwenye upepo, zikafuata siku za boti, kisha tarehe ya mwezi. Hoteli hutafutwa mwisho. Anayeanza na hoteli ndiye mara nyingi hujikuta amekaa juu ya mizigo yake bandarini Malindi, mjini Unguja, akiuliza chombo kinachofuata kinaondoka lini.

Ni miezi gani inayofaa zaidi?

Mwaka wetu unagawanywa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na huja na joto kali. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba, na huja na ubaridi wa asubuhi na bahari yenye mawimbi, hasa katika mkondo ulio kaskazini ya Nungwi ambao kila chombo kinachotoka Unguja kwenda Pemba lazima kiuvuke. Katikati ya pepo hizo kuna masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na vuli, ambayo huanza Oktoba na kuishia Disemba. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na ndiyo sababu ya kijani chake. Mgeni aliyezoea kusikia kwamba visiwa vyote ni mchanga mweupe na minazi hushangaa kukuta vilima na mabonde yaliyofunikwa na mikarafuu.

Kwa anayetaka bahari tulivu na maji maangavu ya kupiga mbizi, tunapendekeza Februari na mwanzo wa Machi, au Oktoba kabla vuli haijakolea. Kwa anayetaka kuona kisiwa kikiwa kazini, aje wakati wa mavuno ya karafuu, ambayo kwa kawaida huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi miezi ya mwisho, ingawa mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Aprili na Mei hatuzipendekezi hata kidogo. Baadhi ya hoteli za ufukweni hufungwa, njia za udongo za shamba hugeuka utelezi, na boti huahirishwa.

Nikitokea mkoani, nifike vipi?

Njia iliyozoeleka ni kupitia Dar es Salaam. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inawafikisha wasafiri wa Dodoma na Morogoro Dar es Salaam kwa saa chache, kwa hiyo anayeondoka Dodoma jioni anaweza kulala mjini na kupanda boti ya asubuhi. Kutoka Dar hadi Unguja, boti za mwendo kasi huchukua takriban saa mbili. Kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hupatikana vyombo vya kwenda Mkoani, iliyo kusini ya Pemba, na vyengine vya kwenda Wete, iliyo kaskazini magharibi. Vyombo hivi havisafiri kila siku kama vya Dar na Unguja. Kwa hiyo uliza kwanza siku za boti ya Pemba katika wiki unayoikusudia, kisha urudi nyuma kupanga boti ya Dar, treni na ruhusa ya kazini.

Wakaazi wa Tanga na Kilimanjaro, pamoja na Wakenya wanaoingia kwa barabara kupitia mpaka wa Horohoro, wana sababu ya kuuliza kwanza bandarini Tanga, kwa kuwa Tanga na Pemba zinatazamana na wakati mwengine kuna chombo cha abiria cha moja kwa moja kwa wiki. Kikiwepo, hukuokoa mzunguko mrefu wa kushuka hadi Dar na kupanda tena. Tahadhari moja hatuchoki kuirudia: usikubali kupakiwa kwenye jahazi au mashua ya mizigo kwa sababu umeambiwa ni rahisi na inaondoka usiku huo huo. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na chombo cha mizigo hakina maboya ya kuwatosha abiria.

Kwa ndege, uwanja wa Pemba uko karibu na mji wa Chake Chake na hupokea ndege ndogo kutoka Unguja, Dar es Salaam na Tanga. Anayetoka Mwanza au Arusha mara nyingi hurahisishiwa safari akiruka hadi Unguja au Dar kwanza. Ndege ndogo hupima mizigo kwa ukali. Begi moja laini linalokunjika ni bora kuliko sanduku gumu la magurudumu.

Jambo dogo linalowapotezea watu safari: tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa. Palipoandikwa 07:00 ni saa moja asubuhi, na bandarini unatakiwa uwe umeshafika kabla ya hapo.

Ninahitaji hati gani?

Mtanzania hahitaji pasipoti, ila anahitaji kitambulisho chenye picha, na kitambulisho cha Taifa ndicho kisicholeta maswali. Jina lililo kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho. Watoto waje na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Raia wa nchi za nje waje na pasipoti hata kama wameshapigwa muhuri Dar es Salaam, kwa sababu Zanzibar ina kaunta yake ya uhamiaji bandarini na uwanjani. Wakenya na Waganda hawahitaji viza, lakini wahakikishe wana kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Aidha, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni asiye mkaazi wa Tanzania anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo iliwekwa kwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima na hununuliwa mtandaoni kabla ya kuwasili. Watanzania hawahusiki nayo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wathibitishe hadhi yao kwenye ukurasa wa bima hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa kubishana kaunteni huku nyuma kuna foleni hakujamsaidia mtu.

Je, bahari ni salama? Familia yangu inaogopa.

Hofu hiyo ina msingi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza abiria na mizigo kupita kiasi, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Hakuna kijiji cha Pemba ambacho msiba ule haukukigusa kwa namna fulani, na mgeni anayeutaja kwa mzaha atakuta baraza limenyamaza. Tangu hapo vyombo vipya vikubwa zaidi vimeingia katika njia hii, na abiria huandikwa kwa majina.

Lililo mikononi mwako ni kuchagua. Panda chombo kinachokata tiketi kwa jina, na ukiona watu wanaendelea kuingia huku viti vimejaa, shuka. Fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa zinazohusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Safari ikiahirishwa kwa sababu hiyo, usimlaumu nahodha. Acha siku moja ya akiba kabla ya siku unayotakiwa kuwa kazini. Wanaougua kichefuchefu wanywe dawa kabla chombo hakijaondoka, wakae sehemu ya chini karibu na katikati, na wasipande na tumbo tupu wala lililoshiba biriani. Mifuko hugawiwa na wahudumu, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Kwa nini kila mwenyeji ninayempigia simu ananiuliza nitakuja mwezi ngapi mwandamo, yaani tarehe ngapi ya mwezi wa angani?

Kwa sababu bahari ya Pemba hupanda na kushuka kwa urefu unaoweza kufika mita tatu hadi nne nyakati za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukauka kupita kawaida, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama siku yako itakuwa ya kuogelea au ya kutembea juu ya matope. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika siku hizo maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika hamsini, hata baada ya wiki mambo yakawa kinyume: asubuhi saa nne maji yamejaa, ila ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala kushuka sana.

Tazama linalotokea Wesha, bandari ndogo iliyo karibu na Chake Chake ambako wengi hupandia boti ya kwenda Misali. Kundi la wageni limefika saa nne asubuhi ya mwezi mpevu, wameshalipa, wana vyakula na miwani ya kuzamia. Boti yao imelala ubavu juu ya tope, kamba ya nanga imelegea, na kina mama wanapita kando yake kwa miguu wakitafuta chaza. Nahodha hana la kufanya ila kungojea. Kundi lilelile lingefika saa moja asubuhi, lingekuta maji bado yanatosha, likaenda, likashinda kisiwani, na kurudi alasiri na maji yanayojaa.

Kwa hiyo, ukiwa na uhuru wa kuchagua, panga kuogelea na safari za boti katika siku za maji mafu, na panga kutembelea magofu, msitu na mashamba asubuhi za bamvua. Wanaotaka kutembea kwenye miamba na kutazama viumbe wa pwani wao wafanye kinyume, na wavae viatu, kwani viumbe wenye miiba hawamjui mgeni.

Nitaona nini nisichokiona Unguja?

Tutataja machache tunayoyaamini, kwa kuwa orodha ndefu haimsaidii mtu mwenye siku nne au tano.

Misali iko magharibi ya Chake Chake, ndani ya eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba. Hakuna hoteli wala kijiji. Kuna fukwe ambako kasa hutaga, matumbawe yaliyo hai hatua chache kutoka ufukweni, na kambi za wavuvi ambao kwao kisiwa hiki kina heshima ya kidini, wakikihusisha na Nabii Khidhri. Ada ya kuingia hulipwa, na takataka zako unarudi nazo.

Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, ni mabaki ya msitu mkubwa wa asili uliowahi kufunika sehemu hiyo ya kisiwa. Humo, na katika kijiji cha Kidike, wanaonekana popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kwengine kokote duniani. Waliwindwa hadi wakakaribia kutoweka kufikia miaka ya 1990. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kuwalinda na idadi yao ikapanda tena. Mchana huning'inia juu ya miti mirefu wakijipepea kwa mbawa zao, na kelele zao husikika kabla hujawaona. Muombe muongozaji akutembeze msituni usiku pia, kwa ajili ya bundi mdogo wa Pemba, ambaye naye ni wa hapa tu. Ukitoka msituni unaingia ufukwe wa Vumawimbi, mrefu na mara nyingi mtupu, na mbele zaidi uko mnara wa taa wa Ras Kigomasha.

Kwa wanaopenda historia, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo Ras Mkumbuu, na ngome ya Pujini, inayohusishwa na mtawala aitwaye Mkama Ndume ambaye masimulizi ya ukatili wake bado yanasimuliwa. Magofu haya hayajapambwa. Bila ya mtu wa kukueleza utaona mawe na majani. Lipa muongozaji.

Kisha karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi za Zanzibar. Wakati wa mavuno, majamvi hutandikwa kando ya barabara na kwenye viwanja vya nyumba. Karafuu mbichi za kijani na wekundu hafifu huanikwa asubuhi, hugeuzwa kwa mkono, na wingu likitokea nyumba nzima hukimbia kuzianua. Dereva anayejua adabu hupunguza mwendo asizikanyage. Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa kwanza. Karibu na Chake Chake kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na ya mimea mengine ya viungo, na harufu yake hukupokea ukiwa bado barabarani.

Je, nichanganye Unguja na Pemba katika safari moja?

Ukiwa na wiki nzima, ndiyo. Ukiwa na siku nne, chagua kimoja. Kwa maoni yetu, mwenye watoto wadogo wanaotaka bwawa la kuogelea na michezo atafurahi zaidi Unguja, na hakuna aibu katika hilo.

Usafiri wa ndani na malazi vikoje?

Barabara kuu ni ya lami, na miji mitatu ya Mkoani, Chake Chake na Wete imefuatana kutoka kusini hadi kaskazini, kila mmoja ukiwa takriban kilomita 30 kutoka mwenzake. Daladala hupita kutwa lakini hupungua baada ya magharibi, kwa hiyo anayeshuka Mkoani usiku apange gari mapema na mwenye nyumba atakakofikia. Kwenda Ngezi na Vumawimbi, ni afadhali kukodi gari la siku nzima pamoja na dereva wake na kugawana gharama.

Malazi ni ya aina mbili zilizo mbali sana kwa bei: nyumba za wageni za mjini, safi na za kawaida, na hoteli chache za ufukweni zinazotoza kwa dola, mojawapo ikiwa na chumba kilicho chini ya maji tangu mwaka 2013. Baina ya hizo hakuna mengi. Mkaazi wa Tanzania aulize kila mara kama kuna bei ya wakaazi, kwani haitajwi mpaka iulizwe. Benki na mashine za kutolea fedha ziko mijini tu. Kabla ya kwenda shamba au Misali, beba fedha taslimu, noti ndogo ndogo.

Mavazi, Ramadhani na adabu?

Pemba ni ya kihafidhina zaidi kuliko pwani za kitalii za Unguja. Mjini na vijijini, mwanamke afunike mabega na magoti, na mwanamme asitembee kifua wazi. Nguo za kuogelea ni za ufukweni na hotelini. Shikamoo kwa mkubwa, au salamu ya Kiislamu, hutangulia swali lolote, hata la kuuliza njia. Mtu kutoka Bara mwenye haraka ya mjini huonekana mkali kwa sababu tu ameanza na shida yake kabla ya salamu. Pombe haiuzwi madukani. Hoteli chache za kitalii ndizo zinazoitoa.

Ramadhani mikahawa hufungwa mchana, na haifai kula, kunywa wala kuvuta sigara hadharani. Anayekuja kupumzika na kula vizuri mchana achague mwezi mwengine. Anayekubali utaratibu huo, kwa upande wa pili, atafuturishwa na watu asiowajua. Sikukuu ya Idi husherehekewa kwa siku nne, na boti za kabla yake hujaa mapema, kwa kuwa kila Mpemba aliye Unguja na Dar hurudi kwao.

Chakula?

Pweza wa nazi, samaki wa kupaka, muhogo na majimbi ya nazi, mashelisheli ya kukaanga, na mkate wa kumimina asubuhi pamoja na chai ya viungo. Mashokishoki yakiwa msimu wake, nunua shada zima. Mkahawa wa kijijini hupika kidogo. Agiza chakula cha mchana asubuhi unapopita.

Afya?

Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini anayetoka mkoa wenye maambukizi mengi akipata homa akapime mara moja, kwa faida yake na ya kisiwa. Usioge wala kuogelea katika mito, mabwawa na madimbwi ya Pemba hata maji yakionekana masafi, kwa sababu kichocho bado kipo katika maji baridi. Bahari haina tatizo hilo. Kuna hospitali Mkoani, Chake Chake na Wete. Dawa unazotumia kila siku njoo nazo za kutosha, na siku za ziada.

Ninaweza kurudi na karafuu nyumbani?

Viungo vya kupikia vilivyofungwa kwenye pakiti, mafuta ya makonyo na sabuni za viungo nunua upendavyo, na uweke risiti. Karafuu kwa magunia au mifuko mikubwa ni jambo jengine kabisa: ununuzi wake umewekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kuzitorosha kwenda nje ya kisiwa ni kosa linalofikishwa mahakamani. Ukiombwa na mtu bandarini umbebee mzigo hadi Tanga au Dar, kataa kwa upole, hata akiwa ni jamaa wa mwenyeji wako. Vifaa vya umeme vilivyonunuliwa Zanzibar hukaguliwa na maofisa wa kodi bandarini Dar es Salaam, kwa hiyo risiti zikae karibu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku pande zote mbili, Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Njoo na kikapu. Halua inunuliwe asubuhi ya kuondoka, iliyofungwa katika ukili, na ibebwe mkononi, kwani mizigo ya chini hupangwa bila huruma.